Siti ya Bwana Gaudensi

Wapo watu ambao Mungu aliwaumba akasahau kuwatia haya, na Gaudensi alikuwa mkubwa wao. Vinginevyo angewezaje kuja mchana kweupe, akasimamisha pikipiki yake mbele ya kibanda cha Tatu pale mjini, mtaa wa Likombe, na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa Asha muuza chapati, "Mtani wangu, nimekuja kuchagua siti nzuri"?

Tatu alikuwa ameinamia siti ya dereva mmoja wa bodaboda, sindano ya kushonea magunia mkononi. Hakunyanyua kichwa. Alivuta uzi, akaukaza kwa meno, ndipo akamtazama. Miaka miwili alikuwa akimwomba Mungu amlete mtu huyu mlangoni kwake, na leo kaja mwenyewe, tena anatabasamu.

Ngoja niseme kisa chao, maana asiyekijua atamwona Tatu mbaya. Salumu, mume wa Tatu, alikuwa fundi wa siti za pikipiki ambaye hata madereva wa Newala walimfuata. Alikuwa na cherehani kubwa nyeusi, chuma kitupu, iliyoshona ngozi na turubai kama inashona kanga. Alipofariki, watani walikuja msibani kama ilivyo desturi. Tatu ni Myao, Gaudensi ni Mmakua, na hao wametaniana tangu babu zetu hawajaota meno. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Ataigiza sauti ya marehemu, atajilaza kaburini agome kutoka mpaka apewe chochote, atabeba sufuria au mwavuli, na mfiwa haruhusiwi kununa. Alichobeba kinakombolewa kwa kuku mmoja, kinarudi, watu wanacheka, machozi yanapungua. Hiyo ndiyo dawa yetu ya msiba, na ni dawa nzuri ikiwa mikononi mwa watu wazuri.

Gaudensi alibeba cherehani. Alijitwika kichwani akicheza, huku akiimba kwamba marehemu kamrithisha, na msiba mzima ukaangua kicheko. Tatu mwenyewe alicheka. Kicheko kile kilimkwama kooni tangu siku hiyo. Siku ya tatu shemeji yake, Hassani, alipeleka kuku wa kukombolea. Gaudensi alimpokea kuku, akamla, akasema cherehani itakuja. Tatu alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hawezi kutoka kwenda kumdai mtu. Alipomaliza eda, cherehani ilikwishafika Mahurunga kwa mpwa wa Gaudensi, inashona siti na maturubai ya watu. Na alipoidai, Gaudensi alicheka mbele za watu: "Mtani, unanidai utani? Toka lini?" Watu nao wakacheka, kwa kuwa anayenunia utani ndiye mwenye kasoro.

Tangu hapo Tatu akawa anashona kwa mkono. Siti ambayo Salumu aliimaliza kabla ya chai ya saa nne, yeye ilimchukua siku mbili. Vidole viliota sugu, wateja wakapungua. Alitaka mambo mawili tu hapa duniani: cherehani irudi, na aliyeichukua aumie, aumie kweli, tena asiwe na pa kushtaki.

"Siti ya kazi gani?" aliuliza.

"Ya kusaka mbweha," alisema Gaudensi, akijitanua. Shamba lake liko kule chini kuelekea Kilambo, mbweha wamemlia wana-mbuzi sita, na serikali ya kijiji imemruhusu yeye na wenzake wanne wawasake kwa pikipiki na mbwa, siku tatu mfululizo. Yeye ndiye kiongozi wa msako. "Nataka siti ya raha, na idumu. Hii aliyonishonea mpwa wangu imechanika wiki ya kwanza tu. Mashine anayo nzuri, ila ufundi hana."

Mashine anayo nzuri! Tatu alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Nyuma ya choo chake kulikuwa na mmea wa upupu, na kwa muda alioutumia kufuta mikono yake alishauona upupu ule ukiingia ndani ya sponji, na Gaudensi akijikuna mpaka mto Ruvuma. Aliufikiria sana, sitaficha. Lakini upupu una ushahidi. Ungemfanya yeye kuwa mkosaji na Gaudensi kuwa mgonjwa wa kuhurumiwa, na jina la Salumu lingekwenda na maji.

Ukutani zilining'inia siti mbili zilizokamilika. Moja ilikuwa ngumu, nyembamba mbele, imejazwa sponji iliyokatwa kwenye viti vya malori, imevikwa leza nene, ile ngozi ya bandia, isiyo na mshono hata mmoja pale mtu anapokalia. Sura haikuwa nayo. Ya pili ilinona kama mto wa bibi harusi: sponji ya godoro, leza nyembamba nyekundu inayong'aa, na mishono ya maua katikati. Hiyo ilikuwa ya vijana wanaopeleka abiria sokoni na kurudi. Salumu alikuwa akiwaambia wateja kila siku kwamba siti laini inakudanganya ukiwa umesimama, na siti ngumu inakutetea ukiwa safarini. Aliwakatalia kabisa kununua isiyowafaa, hata wanune.

Gaudensi alishaipapasa ile nyekundu. Na hapo Tatu akaijua njia yake. Atamwambia ukweli. Atamwambia ukweli wote, kama Salumu angesema, lakini kwa sauti ya mtani.

"Wee Mmakua, toa mikono yako kwenye hiyo nyekundu!" alipaza. "Hiyo ni ya kumpeleka bi harusi saluni. Ukienda nayo msakoni, hujafika Kilambo makalio yako yatakuwa yameiva kama muhogo wa kuchoma."

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakinywa chai kwa Asha walicheka mpaka wakamwaga chai. Gaudensi naye alicheka. "Mnamsikia? Anataka kunitupia ile ngumu iliyokosa mnunuzi. Wayao nyinyi!"

"Hii ngumu ndiyo ya mwanamume. Hiyo yako inakunywa maji kuliko ngamia. Ukivuka dimbwi moja tu, utakalia kinamasi siku tatu."

"Endelea, mtani, endelea!"

"Na hayo maua unayoyapenda ni mishono. Mishono itakukata mpaka ulale kifudifudi kama mamba."

Gaudensi alifuta machozi ya kicheko. Aliziteremsha zote mbili, akaikalia ile ngumu, akakunja uso. Aliikalia nyekundu, akafumba macho kwa raha. "Nifungie hii," akasema. "Wewe mdomo wako nimeuzoea."

"Asha," Tatu aliita, "umesikia nimemkataza?"

"Mara tatu," alisema Asha, bado anacheka.

Tatu akaifunga. Kila nati aliikaza, kila pindo alilikagua, kazi safi isiyo na hila. Gaudensi aliondoka akinesanesa juu ya siti yake kama sultani. Tatu alirudi kwenye sindano yake kwa furaha mbaya, na wala hakuitubia.

Siku ya kwanza ya msako mvua ilinyesha. Habari za yaliyotokea zilifika Likombe kabla ya mwenyewe kufika. Kabla ya saa sita mchana sponji ilikwishalala, Gaudensi akawa anakalia bati. Siku ya pili leza ilipasuka mshononi, maji yakaingia, na ngozi ya mtu ikaanza kuondoka kidogo kidogo. Wenzake walimwona mbweha, wakamkimbiza kati ya mikorosho, na kiongozi wa msako akawa anaendesha amesimama wima kama mtu anayechungulia ukuta, mpaka akaparamia kichuguu. Siku ya tatu alirudishwa mjini nyuma ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, juu ya magunia ya muhogo, amelala kifudifudi. Mbweha hawakupungua hata mmoja.

Tatu aliposikia alienda chumbani, akafunga mlango, akacheka peke yake.

Wiki moja baadaye aliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa Mama Lucy, mke wa mfanyakazi wa bandarini, mwanamke asiyependa maneno mengi. Watu walijaa uani. Gaudensi alikuwa wima. Kiti alipewa, akakikataa. Alisema Tatu kamtengenezea siti mbovu makusudi, kamwaibisha, na yeye anataka haki.

"Bi Tatu, siti uliichagua wewe?" aliuliza Mama Lucy.

"Aliichagua mwenyewe. Nilimkataza."

Asha akasimama akasema amesikia kwa masikio yake, mara tatu, na akayarudia maneno yote, muhogo wa kuchoma na mamba, mpaka mwenyekiti mwenyewe akajifuta mdomo kwa mtandio.

"Lakini alisema kwa utani!" Gaudensi alifoka. "Mtani akisema, nani anamwamini? Mimi ningejuaje kwamba ni kweli?"

Maneno hayo Tatu alikuwa akiyasubiri kama mwenye njaa anavyosubiri ugali. Alisimama, akajitanda vizuri kanga yake.

"Mama Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Naomba mtani wangu anijibu moja tu. Ya utani yana uzito, au hayana? Kama hayana, basi kaja hapa kushtaki utani, na hilo hatujaliona tangu tuzaliwe. Aende nyumbani akajipake mafuta. Kama yana uzito, basi na aliyoyafanya msibani kwangu yana uzito. Alibeba cherehani ya marehemu. Shemeji yangu Hassani huyu hapa alimpelekea kuku wa ukombozi, kuku akaliwa, cherehani haikurudi. Mtu huyo tumwiteje? Mimi sisemi. Achague mwenyewe, maana kuchagua anakujua."

Gaudensi aliwatazama waliokuwa wakicheka naye siku zote, na hapakuwa na aliyecheka. Kisha dada yake, Yustina, akainuka kutoka miongoni mwa Wamakua wenzake, amekasirika kuliko Tatu.

"Kaka, kuku akiliwa kitu kinarudi. Hilo hata mtoto analijua. Leo Wayao wakitufungia milango ya misiba yao kwa ajili yako, sisi tutamtania nani? Irudishe."

"Irudishe," wakasema wengine.

Cherehani ililetwa kesho yake. Ilikuwa imechubuka ubavuni na imekosa mafuta, lakini gurudumu lilizunguka. Tatu aliipangusa kwa pindo la kanga. Gaudensi alisimama mlangoni akijichekesha, mtu aliyepona aibu na sasa anataka mambo yarudi kama zamani.

"Haya, mtani, yamekwisha. Umenipiga, nimekubali. Sasa nifungie ile ngumu, mbweha wananimaliza."

Tatu alimgeukia. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Gaudensi," alisema. "Karibu uketi. Siti yako nitaifunga sasa hivi."

Gaudensi alicheka, akasubiri mwiba ufuate. Haukufuata. Mtani hapewi shikamoo, wala haitwi bwana; anayepewa heshima hiyo ni mgeni. Tatu alifunga siti ngumu kwa ustadi wake wote, akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza hadi barabarani kwa adabu, na Gaudensi aliondoka bila kugeuka nyuma. Siti hiyo haijamchubua hata leo, nanyi mkitaka kumjua fundi, mtazameni hapo.

Msimu wa korosho ulipita. Kisha mama yake Gaudensi akafariki, Bi Magreth, bibi wa watu, ambaye alipenda utani kuliko chakula na alikuwa akimwita Tatu "mume wangu mvivu". Wayao wa Likombe walikuja wote. Wanawake walimtazama Tatu, maana kwenye misiba ya Wamakua ndiye aliyekuwa akianza utani.

"Leo hatutanii," alisema Tatu. "Tumekuja kumpa pole Bwana Gaudensi."

Wakamtii. Walikaa mkekani wametulia, wakapika, wakaosha vyombo. Hakuna aliyemwigiza marehemu. Hakuna aliyebeba sufuria. Makaburini, jeneza lilipofika ukingoni, Gaudensi alitazama ndani ya shimo, akatazama upande waliosimama Wayao, akangoja mtu aruke, ajilaze mle, agome kutoka, amtukane yeye na ukoo wake. Katekista alimaliza sala. Kamba zikashushwa. Udongo ukaanza kuanguka juu ya mbao, na sauti yake ilisikika yote, kwa kuwa hapakuwa na kicheko cha kuifunika.

Watu walipoanza kutawanyika alimfuata Tatu, uso umelowa kama wa mtoto.

"Tatu," alisema. "Nitukane. Hata neno moja. Kwa ajili ya mama."

Neno Tatu alikuwa nalo. Lilikuwa limemjia tangu asubuhi, tena tamu, juu ya Bi Magreth na mkongojo wake, neno ambalo lingewaangusha watu wote wale chini kwa kicheko. Alilihisi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, na lilishuka kwa shida.

"Pole sana, Bwana Gaudensi," alisema. "Mungu akupe subira."