Madirisha ya Wodi ya Kifua

Mimi ni fundi rangi, na hilo silisemi kwa unyonge. Nipe ukuta uliochanika kama kisigino, nikurudishie ukuta ambao hata wewe mwenyewe utaona haya kuuegemea. Kwa hiyo wifi yangu, dada wa mume wangu na mwenyekiti wa kikundi chetu cha kujitolea, aliponiambia tunavuka mpaka kwenda kupaka wodi ya wagonjwa wa kifua, sikungoja aniombe mara mbili. Nilifunga brashi zangu kwenye kitambaa, tukapanda basi.

"Tunakwenda nchi ya watu," alinionya njiani. "Huo mdomo wako uuache nyumbani."

"Nimeuacha. Huu ni wa akiba."

Wifi alishawahi kujitolea hapo miaka ya nyuma, na safari nzima alinisimulia vigelegele walivyopigiwa wakati wa kuagwa. Safari hii tulibeba rangi ya manjano iliyochangwa na watu wa mtaani kwetu, naye alikuwa amewaahidi picha.

Tulipoingia wodini, joto lilinipiga usoni. Sakafu iling'aa na mashuka yalinyooka, lakini hewa ilikuwa nzito kama ya kabati lenye nguo mbichi. Wagonjwa walikuwa wameketi vitandani wakihema kwa midomo. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama ninavyofanya popote. Ulikuwa mzima kuliko wa kwangu nyumbani. Nikaenda dirishani, nikasukuma. Halikutikisika.

"Sista, haya madirisha yanafunguka lini?"

Sista, muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimtazama wifi kwanza. "Yalikuwa yanafunguka," alisema.

Nilitoa kisu changu cha puti nikakwangua pembeni mwa fremu. Ilitoka rangi ya krimu, ikafuata waridi, ikafuata bluu, na chini kabisa, iliyogusa mbao, kijani. Nikaelewa. Kila kikundi cha kujitolea kilikuta ukuta usio na tatizo kikaupaka tena, maana ndicho walichojia. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa fundi kati yao, walipitisha brashi juu ya madirisha yakiwa yamefungwa: fremu, bawaba, komeo, vyote. Fundi hulifungua dirisha kwanza, hata awe mlevi.

"Kwa nini hamkuwaambia?"

"Nitamwambiaje mgeni aliyetoka mbali, kashika zawadi mkononi, kwamba anatuziba pumzi?" Sista alishusha sauti. "Tunasema asante, tunapiga makofi. Lakini Alhamisi mkaguzi anarudi. Amesema asipokuta hewa inapita, anaifunga wodi, na wagonjwa wote waende hospitali kuu. Ni safari ya siku nzima."

"Mimi siendi," alidakia bibi mmoja kutoka kitanda cha mwisho, chini ya dirisha. "Siku nzima barabarani na kifua hiki? Nitashushwa kama mzigo."

Nilimgeukia wifi.

"Humu hatupaki. Tunabandua."

"Na wale waliochanga niwaambie nini?"

"Waambie fundi wao amegoma."

Wifi ni mwalimu mkuu, hajazoea kujibiwa. Alimwendea Sista kutafuta mtetezi. "Sista, sema ukweli. Sisi tulipokuja mara ya kwanza, si mlifurahi?"

"Tulifurahi sana, mama."

"Si unaona! Na ile rangi yetu ya..."

Macho yake yalikuwa kwenye kisu changu, kwenye kale kamstari ka kijani. Ilikuwa rangi yao, ya kwanza kabisa, iliyonywewa na mbao ikashika kama gundi. Sista alitazama sakafu.

"Ilikuwa nzuri," alisema, na naamini hakudanganya.

Maneno makali nilikuwa nayo tele. Niliyameza, kwa sababu uso wa wifi ulikuwa umemshuka, na mimi nampenda wifi yangu ingawa siku nikimwambia atanisumbua mwaka mzima. Alivua saa, akakunja mikono ya gauni.

"Nioneshe pa kuanzia," akasema.

Tuliwahamishia wagonjwa barazani ili vumbi lisiwafikie. Tulikanda maungio kwa vitambaa vya maji ya moto mpaka rangi ikalegea, tukapitisha kisu taratibu kuzunguka fremu, kisha nikagonga kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, kidogo kidogo, nikisikiliza kioo.

"Taratibu, wifi. Hukuja kubomoa."

"Nyamaza wewe, limeanza kuachia."

Dirisha la kwanza lilipofunguka lilitoa mlio wa kukwaruza meno, na wagonjwa kule barazani wakashangilia. Yaliyofuata tuliyazoea. Lakini la mwisho, la juu ya kitanda cha Bibi, liligoma mpaka Jumatano jioni. Wifi, mikono imemchubuka, alisema tuvunje tu kioo. Nilikataa. Sijawahi kushindwa na dirisha, na sikuwa na nia ya kuanzia ugenini. Nilichimbua rangi kwenye bawaba mpaka nikaziona skrubu, nikazifungua moja moja, nikaling'oa dirisha zima na kulikwangua ukingo wote mezani. Asubuhi nililirudisha kwa skrubu mpya na tone la mafuta, wagonjwa wakarudi vitandani.

Mkaguzi alifika, mtu mkavu, akafungua kila dirisha kwa mkono wake. Halafu akatazama mabaka ya kijani, bluu na waridi tuliyoyaacha kwenye kila fremu.

"Mbona mmeichafua hivi?"

Hapo fundi ndani yangu aliumia kweli, nikafungua mdomo. Wifi aliniwahi.

"Rangi tunayo, mzee, tutapaka ukuta wa nje. Humu ndani tumemaliza kazi."

Mkaguzi alisimama kidogo, upepo ukimpeperushia karatasi. "Wodi iendelee," alisema, akaondoka.

Vigelegele nilivyosimuliwa kwenye basi nikavisikia kwa masikio yangu. Watu walikumbatiana, wifi akanikumbatia mimi, mashuka yakapepea vitandani. Katikati ya kelele hizo nikasikia Bibi analalamika, shuka kalivuta hadi kidevuni.

"Jamani, hebu rudisheni hilo dirisha kidogo. Nasikia baridi."

Ni miaka Sista hajaombwa kufunga dirisha. Akaenda, akalivuta dirisha kwa kidole kimoja. Likafungika. Akalisukuma, likafunguka. Akalivuta tena, polepole, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Hivi, Bibi?"

"Bado kidogo. Ehe, hapohapo."