Kucha za Kibogoyo

Kibogoyo alikuwa mbwa mzee asiye na jino la kumtisha hata panya, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alichobakiwa nacho ni makucha, na yaliyomponza ni yale mawili ya miguu ya mbele, yaliyokaa juu pembeni, yasiyogusa ardhi anapotembea. Fundi cherehani, mwenye mbwa, aliyachukia.

Aliyachukia kwa ajili ya magauni ya mama yake. Kila baada ya siku mbili tatu alikuta pindo la nyuma limechanika, nyuzi zinaning'inia. Ukimuuliza mama, anakutazama kama mgeni. Tangu akili ianze kumpotea, jambo moja tu hakulisahau: mchana ukifika, mumewe anangoja chakula kule machimbo ya mawe. Mume alishakufa zamani, machimbo yalishafungwa na shimo likajaa maji. Haya, mwambie wewe.

"Huyu mbwa anamparamia mama," fundi alisema. "Hizo kucha zitoke."

Daktari wa mifugo aliushika mguu wa Kibogoyo, akakibonyeza kile kidole. "Kina mfupa na kiungo hiki. Ndicho dole gumba lake, anashikia vitu. Ncha nitazipunguza, basi. Kukata kidole kizima kisicho na ugonjwa, mimi simo."

Mbwa ana dole gumba! Fundi alicheka njia nzima. Mkewe hakucheka.

"Umewahi kumwona akimrukia mama?"

"Nimeona nguo."

"Nguo haisemi, mume wangu."

"Kwako. Kwangu mimi inasema."

Basi ukishindana na fundi kuhusu nguo unapoteza pumzi zako bure. Akamtafuta daktari mwingine, asiye na maswali, na Kibogoyo akarudi kafungwa bandeji miguu yote miwili. Akalala chini ya meza ya kukatia, chakula hataki, macho kwa mama.

Mke alikaa nyumbani kumuuguza mbwa, na siku zile zote mama hakutoka kitini wala gauni halikuchanika. Fundi akatamba kwa kila mteja. Mkewe hakuwa na raha. Vidonda vilipopona alimwona mbwa akiukumbatia mguu wa mama kwa miguu yake ya mbele, akiteleza, akikumbatia tena.

"Kuna kitu anatafuta," alisema.

"Anatafuta shari. Nenda zako kazini, mama ninaye mimi."

Akaenda, moyo mzito.

Mchana huo fundi alikuwa anashona sare za shule, cherehani inanguruma. Alisikia mbwa anabweka uani. Akamtukana, akaongeza mwendo. Kubweka kukasogea mlangoni, kukatoka nje, kukawa kwa mbali, na ni kule kwenye machimbo. Hapo ndipo alipoinua mguu kwenye pedali. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Sahani ya chakula aliyofunikiwa haikuwepo mezani.

Akatoka mbio bila viatu, futi ya kupimia bado ikimning'inia shingoni.

Majirani walikuwa wamekwisha kumtoa majini na kumlaza juu ya mawe. Hakuna aliyehitaji kumwambia fundi kitu, alijua kwa jinsi walivyompisha. Kibogoyo alikuwa amelowa mpaka shingoni, anatetemeka, miguu ya mbele juu ya mguu wa mama, bado anajaribu kuushika.

Fundi akapiga magoti. Mikono yake ikafanya ilichozoea, ikalishika pindo la nyuma, na hapo tu ndipo alipoelewa kile ambacho hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza angekijua: nguo ikichanika nyuma, aliyeivaa alikuwa anakwenda mbele na mwingine anamzuia. Mara zote zile ameishona, asijiulize mama yake alikuwa anakwenda wapi.

Alililaza pindo kiganjani, akalizungusha lote, akitafuta kwa vidole mahali palipochanika. Lilikuwa zima. Hata uzi mmoja haukuwa umechomoka.