Papa Directeur Hawezi Kusahau

Yesu wangu, kaka yangu Valens njo ataniua kabla ya masasi ya bunduki!

Vita ilitufukuza kwetu Muheto, tukafika Bweremana na papa yetu Théophile, directeur wa zamani wa shule. Kila asubui anataka kurudia Muheto peke yake, "kufungua darasa". Ile darasa, watu wa bunduki njo wanalala ndani! Mimi nafunga mulango, Valens anafungua.

—Emérita, unamufungia papa sawa mbuzi? Sikiliza vile anasema!

Kusema, anajua! Ukimuuliza leo ni siku gani, anacheka: "Mukimbizi iko na siku?" Watu wanapiga makofi. Ukimuuliza kama amekula, anakupa methali kwa Kifaransa. Kumbe viatu vyake ameviweka ndani ya sufuria.

Shangazi Anastasie, dada yake mudogo, hakusoma hata siku moja. Alipoanza kusahau, wote tuliona, tukamulinda. Lakini papa? "Muntu wa masomo hapoteze akili." Valens anaimba ile tu.

Nikamuita Evode, infirmier, muuguzi wa hapa.

—Shule inasaidia, akasema. Muntu wa masomo anaweza kuchelewa kuonyesha huu ugonjwa. Kichwa yake iko na njia mingi: moja ikifungwa, anapita ingine. Lakini ugonjwa iko inaendelea ndani. Njia zikiisha, anashuka mbio. Musimuache peke yake.

—Umesikia, Valens?

—Nimesikia. Shule inasaidia.

Eh! Sikio la kufa halisikii dawa!

Siku ya soko nilienda kuuza samaki. Papa akamueleza Valens, kwa Kifaransa ya kunyooka, kwamba njia ya Muheto imetulia. Valens akamufungulia.

Niliporudi nikakuta kitanda ya papa bila muntu. Nikalia, nikamutukana Valens mpaka majirani wakatoka inje. Akakimbia kumufwata, na masasi ilikuwa inalia mu milima. Mimi nikabaki pale mulangoni, nasali na kutukana pamoja.

Jioni wakafika, matope mpaka magoti. Papa akavua kofia, akamupa Valens mukono.

—Asante sana, monsieur. Ukipita Muheto, uulize mutoto wangu Valens. Atakupokea muzuri. Nilimusomesha mimi mwenyewe.

Valens akaniangalia. Nikatoka mulangoni, nikawapisha. Akamuingiza papa ndani, polepole, akafunga mulango yeye mwenyewe.