Jeneza la Pili

Kwa maneno ya Leah Kreider, jirani wa ng'ambo ya shamba, treni iliyokuwa ikimrudisha kwao Rais aliyepigwa risasi, akazikwe, haikubeba jeneza moja. Ilibeba mawili. La pili lilikuwa dogo, la mwanawe aliyekufa kwa homa miaka mitatu nyuma. Walimtoa alikokuwa amelazwa kule mji mkuu, Leah alisema, wakampakia pamoja na baba yake ili wakalale mahali pamoja. Alisimulia haya amesimama mlangoni kwa akina Hostetter, kapu la mayai mkononi, na kila aliporudia, jeneza lile lilizidi kupungua, mpaka likawa la kubebwa kwapani.

"Nani kakwambia?" Salome Hostetter aliuliza.

"Shemeji yangu yuko Harrisburg. Kaona kwa macho yake mawili."

"Si ndiye yule aliyeona nyangumi mtoni, Mama Leah?"

"Nicheke tu, mwanangu. Kesho treni inapita hapa hapa. Nenda kaulize mwenyewe."

Salome hakuwa akicheka. Alikuwa akiutazama mlango wa chumba cha ndani, ambako mama yake alikuwa kitandani tangu Krismasi, na alitamani Leah apunguze sauti. Alichelewa.

"Leah," mama aliita kutoka ndani. "Hebu rudia hapo. Kwa hiyo aliyekwisha kuzikwa anaweza kutolewa?"

Leah akamtazama Salome, akalishika kapu lake vizuri. "Ndivyo wanavyosema, dada Veronika," akajibu taratibu, kisha akakumbuka kuwa ana mkate ndani ya tanuri, akaondoka.

Enos, mdogo wake Salome, aliuawa vitani Virginia kiangazi kilichopita. Tangu siku hiyo mama alikuwa akiisha kidogo kidogo. Hakulia sana. Alichotaka ni kimoja tu: kipande cha ardhi kilichobaki kando ya kaburi la baba kule kwenye makaburi ya kanisa kitoshe watu wawili, yeye na Enos, na Enos awe katikati. Alimwambia mchungaji hivyo, akamwambia daktari, akamwambia hata mchonga mawe. Wote waliitikia kwa kichwa, maana hakuna anayebishana na mgonjwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mama hakulijua. Reuben Groff, aliyepigana bega kwa bega na Enos, alirudi vuli akitembelea magongo, akamkuta Salome kisimani. "Ilikuwa joto kali," alimwambia, "na maiti walikuwa wengi. Tulichimba shimo moja refu. Hatukuweka hata ubao wa majina." Salome alimshukuru, akabeba ndoo yake, akaingia ndani kukaanga viazi. Hakumwambia mtu.

Sasa mama akamwita akae kitandani.

"Kesho utakwenda pale relini. Mtafute mkubwa yeyote, umwambie. Kama wamemtoa mtoto wao, wamtoe na wangu."

"Mama, yule ni mtoto wa Rais."

"Na mimi huyu wangu nilimzaa kwa mdomo?"

Mama akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi na vyepesi. "Kaulize tu, mwanangu. Kuuliza hakuui."

Kesho yake, kituo chao kidogo, ambacho siku nyingine hakina zaidi ya tangi la maji na mbuzi wa mlinzi, kilijaa watu kutoka mashamba yote. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekesha wakisuka mashada ya mierezi na kukata matawi ya maua. Jacob Bomberger, mwenye duka, alijipa kazi ya kuwapanga watu, akiwa amevaa kofia ndefu aliyoazima, ambayo ilimshuka machoni kila alipogeuka.

Ilipotokea injini imefunikwa nguo nyeusi, na behewa moja nyuma yake, Bomberger akapaza sauti: "Kofia chini! Sasa!" Wanaume wakavua. Wanawake wakaanza wimbo, wakarusha kila walichokuwa nacho. Mashada yakaanguka relini, mengine yakanasa kwenye magurudumu. Wazee walilia waziwazi. Leah Kreider alipiga magoti kwenye matope.

Mlinzi wa tangi akaja mbio. "Mnafanya nini nyie? Hiyo ya kukagua njia tu! Inatangulia kuangalia kama reli ni salama. Mwenyewe bado yuko nyuma!"

"Ungesema mapema, we mpumbavu!" Bomberger akamfokea.

"Ungeniuliza, mzee wa kofia!"

Hakuna aliyecheka. Watu walizitazama reli, ambako maua yao yalikuwa yamesagika. Mwanamke mmoja aliingia katikati kuokota, akavutwa na mumewe. Treni yenyewe ilipokuja, taratibu, kengele ikigonga, mikono yote ilikuwa mitupu. Hakuna aliyekuwa na sauti ya kuanza wimbo tena.

Ikasimama penye tangi, injini inywe maji.

Salome alipita pembeni mpaka kwenye ngazi ya behewa ambako askari mmoja alikuwa amesimama zamu. Alikuwa kijana, na mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole. Salome aliona hilo kwanza, akapata moyo: huyu naye alikuwa amepigana.

"Afande, samahani. Ni kweli kuna mtoto humu ndani?"

Askari alitazama kulia, akatazama kushoto. "Kweli, dada. Yuko mbele ya baba yake."

"Walimtoa kaburini?"

"Walimtoa."

"Ndugu yangu yuko Virginia. Enos Hostetter. Mama yetu anakufa, anataka alale naye. Tumwombe nani?"

Uso wa askari ukalegea. "Mahali alipolala panajulikana? Aliwekewa ubao, jina, chochote?"

Hapo ndipo Salome alipotakiwa kusema ndiyo. Alijua ndiyo ingemfaa. Lakini kijana yule alikuwa akimtazama kwa namna ile ile Reuben alivyomtazama kisimani, na uongo ukakataa kutoka.

"Hakuna kitu. Ni shimo moja, wako wengi."

Askari akainamisha kichwa. Injini ilikuwa imekwisha kujaa maji, na mtu alikuwa akiurudisha juu mrija wa bati wa tangi. Kengele ikagonga. Behewa likashtuka, likaanza kwenda, na Salome akaanza kutembea sambamba nalo, ameshika chuma cha ngazi.

"Basi yeyote," akasema. "Afande, unanisikia? Yeyote mmoja katika hao, mwenye kimo cha kijana. Mama hatajua. Mimi sitasema. Tuleteeni yeyote."