Mkono Uliobaki Zamu

Saa kumi na mbili jioni mhudumu alimpangusa Bibi Birika mdomo, akamfunga kifungo cha juu cha sweta, akaketi ukingoni mwa kitanda kumngoja mwenzake wa zamu ya usiku. Bibi aliitwa Birika kwa sababu kila alipoachwa peke yake aliinuka kwenda kuinjika chai kwenye jiko alilolihama miaka ishirini iliyopita. Alishaanguka mara mbili.

Katika nyumba ile ya wazee, anayetoka zamu huuweka mkono wa mzee katika mkono wa anayeingia. Kabla ya hapo hakuna kuondoka. Ndivyo walivyofundishwa, na mhudumu, alipokuwa mwanafunzi, aliandika kila kitu daftarini.

Mwenzake hakuja. Alihamishiwa ghorofa ya chini tangu asubuhi na hakuna aliyewekwa badala yake.

"Nenda, mwanangu," Bibi alisema, huku ameung'ang'ania mkono wake. "Una mtoto."

"Nikienda utainuka."

"Kidogo tu."

"Hiyo kidogo ndiyo itakayokuvunja nyonga, Bibi."

"Basi nipe huu wa kushoto nikae nao."

Mhudumu akaona ni sawa. Mkono ulichomoka taratibu kwenye kifundo, bila damu. Akauacha kiganjani mwa Bibi, akawafunika shuka wote wawili, akaliwahi basi.

"Umeusahau wapi?" binti yake aliuliza nyumbani.

"Sijausahau. Uko kazini na Bibi."

"Haya."

Nywele za binti zikasukwa kwa mikono mitatu: mmoja wa mama, miwili ya mwenyewe. Mistari ilikwenda upogo.

Asubuhi mkono ulikutwa una joto. Ulimrudisha Bibi kitandani mara nne, ukampigapiga mgongoni hadi akalala.

"Una adabu kukushinda wewe," Bibi alimwambia mhudumu. "Haunisemi."

Msimamizi alikuja na ratiba. Akauliza kama kucha zimekatwa. Zilikuwa zimekatwa. Kwenye nafasi iliyokuwa wazi akaandika "mkono wa kushoto", akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Na wa kulia?" akauliza. "Chumba cha sita hakina mtu wa usiku. Mzee anaita tu."

"Huo una mtoto nyumbani."

"Basi fikiria," akasema kwa upole, akaenda zake.

Jioni mhudumu aliuweka tena mkono wa Bibi katika ule wa kwake wa kushoto, akatoka. Alipopita chumba cha sita, Mzee aliita mara moja. Kwenye basi mhudumu alihisi Bibi akimminya vidole, kwanza kwa nguvu, kisha kwa ulegevu wa mtu anayesinzia.

Binti alikuwa ameshaketi mkekani na kitana. Alisikiliza habari za Mzee mpaka mwisho.

"Kesho mpelekee wa kwangu," akasema. "Ni mdogo, lakini si ulisema amekonda?"

Mama akamtazama vidole, kimoja kimoja.

"Shika kitana kwanza," akasema.