Mlango wa Mumbi

"Kwa nini hukumfungulia?"

Wairimu alikuwa ndani ya gari, simu sikioni, kwenye maegesho ya hospitali anakofanya kazi, Saint Paul, Marekani. Theluji ilikuwa inafunika kioo. Kwa dada yake Mumbi, kule Toowoomba, Australia, ilikuwa tayari asubuhi ya siku iliyofuata, na jua kali.

"Nyumba ilikuwa chafu," Mumbi alijibu. "Na sikuwa na maziwa ya chai. Ningemkaribisha na nini?"

"Ni nesi, Mumbi. Alikuja kuona mtoto."

"Mgeni ni mgeni."

Mtoto alikuwa na wiki moja. Hakuwa akinyonya vizuri, alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba yake alikuwa migodini, mbali. Nyumbani Kiambu, wanawake wangejaa jikoni wakipika uji na njahi, maharagwe meusi ya mama mzazi, wakimpokonya Mumbi mtoto ili mama alale. Toowoomba aligonga mtu mmoja tu, na Mumbi akajificha nyuma ya pazia mpaka alipoondoka.

Wairimu aliuliza kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kama kuna Mkenya karibu na Mumbi. Akapewa namba za Wakenya wa Perth, upande wa pili wa bara. Basi akatafuta mwenyewe mtandaoni, akapata kliniki ya mama na mtoto ya mji ule, akapiga. Mama aliyepokea alisema hawezi kuzungumza habari za mgonjwa, ila nesi anaweza kupita tena kesho.

Kesho yake Wairimu alitoka kazini akampigia Mumbi akiwa garini.

"Akigonga, fungua. Mpe maji."

"Maji matupu?"

"Matupu."

"Hujazaa hata paka, na unaniamrisha."

Mlango wa Mumbi ukagongwa. Wairimu akangoja, mkono kwenye usukani, hadi aliposikia kitasa kikizungushwa.

Mumbi aliiweka simu mahali laini bila kuikata. Nesi aliongea polepole, akimwonyesha Mumbi jinsi ya kumshika mtoto. Kilio kikapungua, kikakoma. Kisha Mumbi mwenyewe akaanza kulia. Yule mgeni akasema jambo ambalo Wairimu hakulipata, na wote wawili wakacheka.

Walikuwa wamemsahau. Alitaka wamsahau. Aliifunika simu kwa kiganja ili wasimsikie akipenga kamasi, akasikiliza kidogo zaidi, halafu akakata. Akapangusa kioo, akashika njia ya kwake New Hope, katikati ya magari ya watu wanaorudi kwa watu wao.