Hoza wa Pili Aondolewe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye kiti cha plastiki, wodini, kando ya kitanda cha mama yangu, huko Muheza.

Hilo lingekuwa jambo la kawaida kama nisingekuwa Dar es Salaam. Mimi ni mlinzi wa getini kwenye jengo la maofisi. Mama amelazwa wiki ya tatu sasa, na dada yangu Mwajabu, anayemuuguza, ameniambia bila kuzunguka kwamba daktari haongei tena habari za kumruhusu arudi nyumbani. Ruhusa niliomba. Nikaambiwa nisubiri apatikane mtu wa kunishikia zamu.

Ndotoni mtu huyo alipatikana. Alikuwa Ndimbo, mlinzi mwenzangu. Sisi walinzi tuna desturi yetu. Mwenzako akipata msiba au mgonjwa, anakuachia kadi yake ya kazi, wewe unaigusisha kwenye mashine ya getini, na mashine inaamini kwamba yupo.

"Nenda kwa mama, Mzee Hoza," Ndimbo aliniambia. "Hapa utakuwepo."

Basi nikawa Muheza, na nikawa Dar pia.

Mama akafumbua macho. "Hoza," akasema, "umekuja?"

Kabla sijajibu, king'ora cha ukutani kikakohoa.

"Samahani kwa kuwakatiza," kikasema. "Hoza ameonekana Dar es Salaam. Hoza ameonekana Muheza. Kati ya hapo na hapo zimepita dakika mbili. Hakuna basi la namna hiyo. Kwa hiyo mmoja wao ni mwizi."

"Ni mimi yuleyule."

"Wezi wote husema hivyo," king'ora kikajibu, bila hasira yoyote.

Kiti kikabaki kitupu. Najua hivyo kwa sababu nilikitazama kwa juu, nikiwa tayari kwenye ngazi za jengo letu, napanda.

Ghorofa ya juu kabisa kuna kampuni inayolinda kompyuta za watu. Mali za hizo kompyuta, wanasema wenyewe, ziko winguni. Mimi niliishia darasa la sita, na miaka yote nimelichukulia neno hilo kama maneno ya ofisini. Ndotoni wingu lipo. Limetua juu ya paa, linavuja, na vijana wanafanya kazi ndani yake wamevaa mabuti ya mvua.

Frolida ananiona. Huyu ndiye anayesimama getini kunisalimia kila asubuhi, wengine hupita na simu masikioni. Yeye na wenzake huandika sheria zinazokabili hatari zenyewe, pasipo mtu: likitokea hili, fanya lile.

"Shikamoo, Mzee Hoza. Umeondolewa?"

"Marahaba. Nimeondolewa. Nirudishe haraka, mama ameamka."

"Pole, baba. Ngoja kwanza tujue ni sheria gani iliyokukamata."

Sheria zimepanga foleni kwenye korido, na zina miili. Ya kwanza ni bwana mnene asiye na shingo, anatafuna karanga. Kifuani ameandikwa: MTU AKIONEKANA SEHEMU MBILI, ALIYEONEKANA WA PILI AONDOLEWE. Nyuma yake amesimama bibi mwembamba aliyejitanda kanga. Yake inasema: MTU AKIWA NA MGONJWA, AACHWE.

"Sasa hii ya bibi ndiyo yako," Frolida anasema. "Niliiandika kwa mkono wangu. Sijui kwa nini haifanyi kazi."

Namgeukia bibi. "Bibi, mbona hufanyi kazi?"

"Mjukuu wangu, kazi naijua. Lakini huyu wa mbele akishamaliza hufunga mlango. Jambo likinifikia limeshaandikwa limekwisha. Tangu niwekwe hapa sijaona mgonjwa hata mmoja."

Namwambia yule bwana ampishe mwenzake.

"Mimi ni wa kwanza," anajibu.

"Ukiwa wa pili utapungukiwa na nini?"

"Nitakuwa wa pili."

Frolida akanivuta pembeni, maji yakitudondokea.

"Kumsogeza, lazima aliyemwandika akubali," akasema.

"Yuko wapi?"

"Alihamia nje ya nchi. Siku ya kuondoka alipita hapa kutuaga."

"Mpigie."

"Hapatikani. Alifutwa."

"Na nani?"

Frolida akamtazama yule bwana. Bwana akameza karanga zake kwanza.

"Alionekana sehemu mbili," akasema.

Nikapiga hatua kumfuata nimpe kofi. Hatua hiyo ikatua getini, chini, juani.

Pale getini sare yangu imesimama yenyewe, haina mtu ndani, inapigia saluti magari. Ndimbo anaipepea kwa gazeti.

"Huyu Hoza ana adabu kuliko wewe," ananiambia. "Haombi sigara wala hasemi vibaya mabosi."

"Ndimbo, acha kugusisha kadi yangu!"

"Nikiacha utafukuzwa kazi, mzee."

"Ukiendelea ninafukuzwa kwa mama!"

Ndimbo anajikuna kichwa. Ni mtu mwema, sijawahi kumwona akimkatalia mtu. "Mzee," anasema taratibu, "mimi nakusaidia."

Akaigusisha tena. Mashine ikalia tii. Kule juu nikasikia yule bwana akiamshwa usingizini, akiuliza kama kuna Hoza mwingine wa kuondoa.

Nilirudi winguni nimelowa mpaka kwenye mifupa. Frolida alikuwa amekunja mikono ya blauzi.

"Tumzime tu," akasema. "Ana kitufe kisogoni."

Akakibonyeza. Bwana akakauka, karanga moja imesimama kati ya meno. Frolida alipoachia, kitufe kikaruka juu, na bwana akaendelea kutafuna.

"Haya, nitakishikilia mwenyewe," akasema, akabonyeza tena kwa kidole gumba. "Ila sikiliza, baba. Kumzima hakurudishi alichokwisha kukifanya. Nakufungulia kwa mkono huu mwingine. Nenda, na usikawie. Kitufe kigumu hiki."

Yule bibi wa kanga akasogea mbele kwa mara ya kwanza. Alisimama mbele yangu kama mtu aliyesahau maneno ya shughuli yake. Halafu akasema, kwa sauti iliyoshika kutu, "Aachwe."

Nikawa kwenye kiti.

"Ulikwenda wapi?" mama akauliza.

"Kazini, mama."

"Kazi, kazi." Akanyoosha mkono wa kulia juu ya shuka. "Nikate kucha. Mwajabu nimemkataza, yeye hukata mpaka nyama. Sitaki kwenda huko na kucha za mwewe."

"Kwenda wapi tena, mama?"

"Usijifanye mtoto, Hoza. Kata. Zikiisha zote nitalala."

Nikakuta wembe mkononi mwangu. Nilikata ya gumba, taratibu, mama akinisimamia kwa macho kama anayenunua samaki. Nikakata ya kidole cha shahada. Mkono wake haukuwa na uzito wowote, nilikuwa naushika nisije nikaupoteza. Nikakata ya kidole cha kati.

"Mzee Hoza," sauti ya Frolida ikatoka kwenye king'ora, "kidole changu kimekufa ganzi."

"Bado, mwanangu. Bado huu, na mwingine mzima."

"Nashindwa, baba. Nisamehe."

"Unaongea na nani?" mama akauliza. "Tazama unachokata."

Kutoka mbali, upande wa Dar, nikasikia tii.

Niliamka jua limeshaingia dirishani. Simu ilikuwa inalia juu ya stuli. Alikuwa Mwajabu.

"Kaka, kuna mtu yeyote uliyemtuma kuja kumwona mama?"

"Sijamtuma mtu. Kuna nini?"

"Nilitoka kuchukua uji, nimerudi nimemkuta amekatwa kucha. Tatu tu, za mkono wa kulia. Gumba na mbili zinazofuata. Zimekatwa vizuri, hata damu hamna. Wauguzi wanasema si wao, na mimi hanipi mkono wake, unamjua."

Nikakaa kitandani. "Amelala?"

"Hataki kulala. Ameuacha mkono juu ya shuka hivyohivyo, nikiurudisha ndani anautoa. Nimwite muuguzi amalizie zilizobaki?"

"Usimwite. Asiziguse mtu. Mwambie anisubiri."

Nikasikia kitoroli cha wodini kikipita nyuma ya Mwajabu.

"Kaka," akasema, "asubiri mpaka lini?"